Maisha ya Pili ya Betri

Gari la umeme la Nissan Leaf lilianza kuuzwa Desemba 2010. Miezi michache kabla, Nissan na Sumitomo walikwisha kuunda kampuni ya 4R Energy ili kuzitafutia kazi nyingine betri zitakazochoka. Betri iliyobakiwa na asilimia 70 ya nguvu zake haimridhishi dereva, ila huhifadhi vizuri umeme wa jua.

Biashara yenyewe ilikuwa ngumu. Mwaka 2010 betri mpya iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kilowati-saa. Kufikia 2024 bei ilikuwa takriban dola 115. Betri iliyotumika ikabidi ishindane na mpya inayozidi kuwa rahisi, huku ikibeba pia gharama za kuikusanya, kuifungua na kuipima.

Nchini Tanzania, kazi hiyo imefanywa kwa betri za kompyuta mpakato. Gibson Kawago, ambaye mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimteua miongoni mwa viongozi vijana wa Malengo ya Maendeleo Endelevu, aliijenga kampuni ya WAGA kwa kutengeneza pakiti mpya kutokana na betri hizo. Ndani ya betri za kompyuta mara nyingi mna seli za milimita 18 kwa 65. Kila seli huchajiwa hadi volti 4.2, kisha hutolewa umeme polepole, saa kadhaa, ili ijulikane imebakiwa na kiasi gani. Seli moja dhaifu ikipenya, huidhoofisha pakiti nzima.

Miyuji, jijini Dodoma, wateja wa betri za namna hii hawakosekani: jua ni kali, na mji umepanuka tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016. Betri ya risasi ikifa, wanunuzi wa chuma chakavu huipima kwa kilo. Ya lithiamu, kama za kompyuta na magari ya umeme, haina soko la namna hiyo, na fundi asiyejua ilitumikaje hawezi kuitolea waranti.

Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia Februari 18, 2027, betri za magari ya umeme zinazoingia sokoni ziwe na pasipoti ya kidijitali, yaani kumbukumbu za kila betri. Nasi tudai kumbukumbu hizo kwa kila bajaji na pikipiki ya umeme inayoingia nchini, na mashine za kupimia ziwekwe katika vyuo vya ufundi, kama VETA Dodoma, mafundi wazitumie kwa pamoja. Gharama ya kupima ikigawanywa, fundi wa Miyuji ataweza kuuza betri kwa bei nafuu na kuidhamini bila hofu.