Kila Glavu na Kijiji Chake

Kaskazini mashariki ya Estonia, mahali paitwapo Jõuga, wachimbaji wa mambo ya kale walitoa kaburini kipande kidogo cha sufu. Ni mabaki ya glavu iliyofumwa kwa sindano, nayo hukadiriwa kuwa ya mwisho wa karne ya 13 au mwanzo wa karne ya 14. Estonia haijapata kazi ya kufuma kwa sindano iliyo kongwe kuliko hiyo, na hata katika Ulaya ya Kaskazini nzima ni miongoni mwa za kale zaidi.

Sanaa yenyewe ilitoka kusini. Vipande vya kale tunavyovijua ni vya Misri ya enzi za Kiislamu: soksi za pamba, nyeupe na bluu ya nili, zenye nakshi zilizopangwa kwa hesabu kali, nyingine zikiwa na maandishi ya Kiarabu. Kazi safi namna hiyo haiwezi kuwa ya wanaoanza. Ni lazima walikuwapo walimu wengi kabla yake. Kisha twaikuta Hispania, kwenye mito ya hariri iliyozikwa pamoja na mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275. Watu wa kaskazini walikuwa na njia yao ya zamani ya kutengeneza soksi na glavu: sindano moja yenye tundu, ya mfupa au ya mti, na uzi mfupi uliofungwa kitanzi kimoja kimoja na kuungwa kila ulipokwisha. Sindano ndefu za kufumia ziliwapa uzi unaokwenda bila kikomo, kasi zaidi, na kitambaa kinachonyumbuka mkononi.

Miongoni mwa wakulima wa Estonia glavu ilibeba mengi zaidi ya joto. Msichana alianza kufuma akiwa mdogo, mara nyingi huku akichunga mifugo, ili kujaza sanduku lake la arusi. Siku ya harusi yenyewe glavu ziligawiwa kwa wakwe na mashemeji, kwa mwendesha gari la farasi, kwa wapiga muziki. Bibi harusi alipoingia katika nyumba ya mume aliziacha mekoni, kisimani na zizini, kama salamu na ombi la heri. Jamaa wa mume walizigeuzageuza, wakatazama ndani na nje, na humo wakamsoma mkamwana wao. Ndiyo maana mkono ulijifunza usafi hata upande usioonekana.

Nakshi zilitofautiana kutoka parokia hadi parokia. Glavu za kisiwa cha Muhu hung'aa kwa rangi kali. Za kisiwa cha Kihnu ni za uzi mwembamba mno, na nakshi zake ni ndogo na zimebanana. Bluu ya zamani ilitiwa kwa nili iliyochachushwa katika chungu cha mkojo, na nyekundu ilipatikana katika mizizi ya mimea ya porini. Mtu aliyezijua rangi na nakshi hizo aliweza kukisia mvaaji ametoka wapi kabla hajafungua kinywa.

Hapa ndipo Estonia ilipofanya jambo ninaloliona kubwa kuliko yote katika historia hii. Mwaka 1909, nchi ikiwa bado chini ya Tsar wa Urusi, ilianzishwa Makumbusho ya Taifa ya Estonia mjini Tartu, kwa kumbukumbu ya Jakob Hurt, mkusanyaji mashuhuri wa simulizi za watu wake. Wakusanyaji walipita vijijini wakitafuta nguo, zana na vyombo, na pamoja na kila kitu waliandika kilikotoka. Wakati ule wasomi wengi wa Ulaya walitafuta vitu vya kupendeza macho. Hawa walichukua hata soksi iliyotobolewa na kisigino. Soksi hiyo leo ni mwalimu, kwa kuwa kitambaa cha kufuma kwa sindano hakifichi siri: aliyezoea huhesabu vitanzi, huona mahali kazi ilipoanzia, huona uzi ulivyopita nyuma ya nakshi, kisha huifuma upya kama alivyoifuma bibi aliyekufa miaka mia moja na hamsini iliyopita.

Anayejifunza kwa kuzisoma glavu hizo hukutana kwanza na sindano tano fupi, zenye ncha pande zote mbili: nne hushika vitanzi kwa mduara, ya tano hufanya kazi. Kwenye kifundo cha mkono kuna msuko wa mlalo ambao watu wa Kihnu huuita vits, unaopatikana kwa kupindanisha nyuzi za rangi mbili mbele ya kazi. Kuna vikkel, vitanzi vinavyovuka juu ya wenzake na kuchora mistari ya mshazari. Na kuna roosimine, ambayo kwangu ndiyo nzuri kuliko zote: uzi wa rangi hautengenezi kitanzi hata kimoja, bali hulazwa mbele ya vitanzi, ukienda na kurudi hadi ua likae juu ya glavu mithili ya tarizi. Hakuna lililo gumu kulieleza. Ugumu ni kulifanya kwa sindano nyembamba kama njiti, safu baada ya safu, bila mkono kukaza wala kulegea.

Shali za Haapsalu zina historia ya namna nyingine. Haapsalu ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ambako daktari Carl Abraham Hunnius alifungua nyumba ya kuoga matope ya tiba mwaka 1825. Matajiri wa Urusi walianza kumiminika kila kiangazi kutibiwa viungo, na wanawake wa mji waliwafumia shali za sufu nyembamba, nyepesi kiasi cha kupita ndani ya pete. Alama yake ni vifundo vidogo viitwavyo nupp: katika kitanzi kimoja hutolewa vitanzi 5, 7 au zaidi, na katika safu inayofuata vyote hukusanywa kuwa kimoja. Mwanafunzi akivikaza wakati wa kuvitoa, safu ya pili sindano haiingii. Ukingo wa lesi hufumwa peke yake kisha hushonwa pembeni, ili shali ikivutwa isikunjamane. Kazi ikiisha huoshwa na kutandazwa kwenye fremu yenye misumari.

Husimuliwa Haapsalu kwamba shali ziliuzwa kwa uzito, na vifundo viliongeza gramu. Husemwa pia kwamba mashine haikuweza kuviiga, hivyo vilimhakikishia mnunuzi kuwa kazi ni ya mkono. Mimi naziamini sababu zote mbili, na siioni aibu ndani yake. Soko liliwalipa wanawake wale na likawasukuma kubuni. Nakshi ya ua la lili dogo la bondeni ilizaliwa katika biashara hiyo, na desturi ya kubuni haikukoma: kuna nakshi yenye jina la mwigizaji Greta Garbo, na nyingine ya Silvia, Malkia wa Uswidi.

Kwa majirani wa Nordiki mambo yalikwenda kwa njia hiyohiyo. Huko Selbu, Norwei, husimuliwa kwamba mwaka 1857 binti Marit Guldsetbrua alikwenda kanisani na glavu nyeusi na nyeupe zenye nyota ya petali nane; katika muda mfupi kijiji kizima kilikuwa kikizifuma, na baadaye kikaziuza nje. Sweta ya Iceland yenye nakshi ya mduara mabegani, ambayo wengi huidhania ya enzi za mabaharia wa kale, ni ya katikati ya karne ya 20. Huko Bohuslän, Uswidi, wake za wachonga mawe waliokosa kazi walimwomba msaada mke wa gavana, Emma Jacobsson. Mwaka 1939 akaanzisha Bohus Stickning, iliyotoa sweta za rangi zilizoyeyukiana kwa ustadi mkubwa mpaka ilipofungwa mwaka 1969.

Dalarna, Uswidi, ilikuwa na ufumaji wa nyuzi mbili zinazopindana kila kitanzi, ukitoa kitambaa kizito kisichopitisha upepo. Ulikuwa ukififia, hadi katika miaka ya 1970 ilipopatikana glavu ya karne ya 17 kwenye machimbo ya shaba ya Falun. Wataalamu walipoichunguza waliona kuwa si ufumaji wa kawaida, wakawatafuta wazee waliokuwa bado wanaujua. Masomo yakaanza, na ufumaji ukarudi mikononi mwa watu.

Kihnu haikuhitaji kufufuliwa. Wanaume walikuwa baharini, wanawake wakashika ardhi, nyumba na mila. Sketi za mistari zingali zikivaliwa, na sweta ya mwanamume, troi, ingali ikifumwa kwa bluu iliyokolea na nyeupe. UNESCO iliutambua utamaduni wa Kihnu mwaka 2003, na mwaka 2008 ukaingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Chuo cha Utamaduni cha Viljandi, tawi la Chuo Kikuu cha Tartu, hufundisha kazi hizi kama taaluma, na Mmarekani Nancy Bush alizipeleka kwa wasomaji wa Kiingereza kwa kitabu chake cha mwaka 1999. Msomaji unayetamani kujifunza, iache shali ya Haapsalu kwanza. Anza na kifundo cha mkono cha glavu, na uzi wa rangi mbili, na msuko mmoja wa Kihnu. Chagua glavu moja ya makumbusho ambayo kijiji chake kimeandikwa, ihesabu vitanzi, uifuate hadi mwisho kabla hujabadili chochote. Na ukiifuma vizuri, ukiuza au ukifundisha wengine, taja kijiji ilikotoka.