Deni Huvuka Mpaka, Haki Huishia Mlangoni kwa Mtendaji

Miaka michache iliyopita, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likiwa wazi, nilikuwa likizoni nyumbani, wilayani Ikungi, mkoani Singida. Jioni moja mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinijia na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na fomu ya maombi, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya masomo. Elimu ya msingi na kidato cha nne aliipata hapa hapa mkoani. Miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita aliisoma Uganda, kwa fadhila ya wafadhili waliopatikana kupitia kanisa. Fomu ilikuwa imekamilika isipokuwa pahala pamoja: sahihi na mhuri wa serikali ya kijiji.

“Mjomba, wamesema mimi si mkaazi,” aliniambia. “Wanamfahamu mama. Mimi wanasema sikuwapo.”

Kijiji sitakitaja, na ofisa aliyekataa simlaumu kupita kiasi. Alitakiwa kuthibitisha kwa mhuri kwamba anamfahamu mtu, na mtu huyo hakumwona kwa miaka miwili. Lakini swali lilinibaki moyoni: tangu lini Mtanzania aliyetoka kwenda kusoma akarudi kwao mgeni?

Historia ya mkoa wetu inajibu vinginevyo. Wakati wa ukoloni, Wanyaturu na Wanyiramba wengi walikwenda kufanya kazi ya mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliitwa manamba. Mtu aliweza kukaa huko misimu kadhaa, na bado tembe lake lilihesabiwa kuwa lake, shamba la mtama likalimwa na nduguze, na akirudi hakuna aliyemwuliza yeye ni nani. Dola ya kikoloni nayo haikumsahau: kodi ya kichwa ilimfuata alikokwenda. Tuishike kanuni hiyo, kwa kuwa nitairudia. Wajibu ulimfuata mtu njiani, na uenyeji wake ulimsubiri nyumbani.

Kwa wasomi, kutoka nje ya nchi kulikuwa njia pekee. Kabla ya Oktoba 1961, Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa kitivo cha sheria, Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka elimu hiyo alikwenda Makerere au ng'ambo. Julius Nyerere mwenyewe alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akarudi kufundisha Pugu. Baada ya uhuru, Dar es Salaam, Makerere na Nairobi zilikuwa vyuo vitatu vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kilichodumu tangu 1963 hadi 1970. Katika zama hizo, Mtanzania aliyesomea udaktari Kampala au uhandisi Nairobi alihesabiwa kuwa mtu aliyetumwa na taifa lake. Kutokuwapo kwake kijijini kulikuwa sehemu ya utumishi.

Hata Serikali ilipokasirika, haikusahau msomi ni wa wapi. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwafukuza zaidi ya 300 na kuamuru warudishwe makwao. Tuipime adhabu hiyo kwa makini. Haikuwezekana kumrudisha mtu kwao bila kukubali kwanza kwamba anako kwao. Wengi walikuwa wameishi shule za bweni tangu utotoni, lakini hakuna aliyedai kwamba kwa sababu hiyo hawana kijiji.

Wazo la kwamba jamii ya mahali imthibitishe mwanafunzi lilipata nguvu kubwa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipopitisha Azimio la Musoma. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alipaswa kufanya kazi kwanza, kisha apendekezwe na mwajiri na tawi la chama. Sharti hilo lililegezwa baadaye, lakini mazoea yalibaki: mlango wa chuo una ufunguo mmoja mikononi mwa viongozi wa mahali. Tofauti ni kwamba tawi la chama liliulizwa juu ya mwenendo na kazi ya mwombaji. Leo mhuri umegeuzwa kuwa kipimo cha siku alizolala kijijini.

Mfumo wa fedha wenyewe ulibadilika. Sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Masharti ya mkopo wa shahada ya kwanza yanafahamika: mwombaji awe Mtanzania, awe amedahiliwa katika chuo chenye ithibati hapa nchini, na awe mhitaji. Aliyesoma sekondari nje hupeleka vyeti vyake Baraza la Mitihani ili vipewe ulinganifu. Vyeti vya kuzaliwa huhakikiwa na RITA. Hapana sharti la kuishi nchini miaka kadhaa mfululizo. Neno la sheria ni raia. Neno mkaazi limeingia kupitia mlango wa nyuma, kwenye ukurasa wa mhuri.

Nchi nyingine zimeliandika neno hilo waziwazi katika sheria zao, na uzoefu wao unatufaa. Nchini Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1962 iliziwajibisha mamlaka za mitaa kuwapa ruzuku wanafunzi wenye makazi ya kawaida katika maeneo yao, na kanuni zikadai miaka mitatu ya makazi nchini humo. Mamlaka kadhaa zikawanyima vijana waliokuwa wamekuja huko kusoma. Desemba 1982, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, iliyokuwa ndani ya Baraza la Malodi, iliamua katika shauri la Shah dhidi ya Barnet kwamba mtu anaweza kuwa na makazi ya kawaida mahali alipokwenda kwa hiari na kwa kusudi thabiti, na masomo ni kusudi la namna hiyo. Serikali haikufurahi. Mwaka uliofuata ilibadili kanuni ili muda ambao mtu aliutumia huko hasa kwa ajili ya masomo usihesabiwe.

Mabadiliko hayo yaliwafungia mlango wageni, lakini ndani yake mna mantiki ambayo sisi tunaweza kuitumia kumfungulia mwenyeji. Ikiwa kwenda kusoma hakumfanyi mtu kuwa mkaazi wa kule alikokwenda, basi hakuwezi pia kumwondolea ukaazi wa kule alikotoka. Vinginevyo mwanafunzi anabaki hana kwao popote: Kampala ni mgeni kwa sababu alikwenda kusoma, na Ikungi ni mgeni kwa sababu hiyo hiyo.

Ulaya nayo imejifunza. Tarehe 18 Julai 2013, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa kanuni ya Ujerumani iliyomtaka mwanafunzi anayesoma nchi nyingine ya Umoja awe ameishi Ujerumani miaka mitatu mfululizo kabla ya masomo ndipo afadhiliwe kwa muda wote wa kozi. Mahakama haikusema dola isidai uhusiano na mwombaji. Ilisema kigezo kimoja cha miaka ni chembamba mno, kwa kuwa kinaacha nje uhusiano mwingine wa kweli, kama vile familia.

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Bodi yao ya mikopo imekuwa ikiwakopesha Wakenya wanaosoma vyuo vikuu vilivyomo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi bado tunabishana kuhusu kijana aliyekwenda ng'ambo ya ziwa na kurudi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu kuvuka mipaka. Uhuru huo una maana gani ikiwa anayeutumia hupoteza kijiji chake?

Hapa narudi kwa manamba na kodi yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika wa mkopo. Mnufaika akihamia Mwanza, Nairobi au London, deni halimwambii kwamba si mkaazi tena. Dola inayomtambua mdaiwa wake popote alipo haiwezi kusema kwamba haimtambui mwombaji aliyekuwa shuleni miaka miwili.

Nasikia hoja ya upande wa pili, tena ina uzito. Fedha ni za umma. Wapo wanaotafuta mhuri mahali wasipojulikana ili waonekane maskini wa kijijini, na mtendaji akipiga mhuri kiholela anamdhulumu mhitaji wa kweli. Lakini dawa ya udanganyifu huo ni kuuliza swali sahihi. Fomu na iseme kwamba kutokuwapo kwa muda kwa ajili ya masomo, matibabu au kazi ya mkataba hakuondoi ukaazi. Mtendaji asiyemfahamu mwombaji aruhusiwe kupokea ushahidi: kaya ya mzazi, rejista ya shule ya msingi, kauli ya majirani. Na anayenyimwa mhuri apewe sababu kwa maandishi, pamoja na haki ya kukata rufaa kwenye kata kabla dirisha halijafungwa. Haya hayahitaji Bunge. Yanahitaji aya chache katika mwongozo wa maombi.

Mpwa wangu hakuipata rufaa hiyo, kwa kuwa haipo. Mama yake alikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu aliambiwa asubiri kikao, na kikao kilipokaa dirisha lilikuwa limefungwa. Mwaka ule hakwenda chuo. Alibaki nyumbani akilima alizeti.

Msimu uliofuata aliipeleka fomu mpya ofisi ile ile, ikagongwa mhuri siku hiyo hiyo. Dada yangu alifurahi, na mimi nilifurahi pamoja naye. Lakini hakuna kilichokuwa kimebadilika katika uraia wake, ukoo wake wala umaskini wa nyumba yao. Alichoongeza ni mwaka mmoja wa kutosoma, na kwa mwaka huo ndipo alipokubaliwa kuwa mkaazi.