Mashine ya kufulia imefika Kabasa, bomba bado

Neno "kufua" limebeba historia yake mgongoni. Mhunzi hufua chuma, watu wa Pwani hufua nazi, mama hufua nguo. Kote humo kuna nguvu ya mkono. Kabla ya sabuni ya mche na unga wa pakiti, nguo ilipigwa juu ya jiwe kama chuma kinavyopigwa juu ya fuawe. "Bomba" tumelitoa kwa Wareno. "Dobi" limetoka India. Kwa hiyo ukisema "dobi anafua bombani", umezunguka nusu ya dunia kwa maneno matatu! Wenzetu wa Mombasa na Unguja, ukiwaambia wafungue bomba, watakuelewa, lakini wao kwao ule ni mfereji.

Na mfereji wenyewe una habari zake. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliwahi kuishi Bombay akiwa uhamishoni na akaona mji mkubwa unavyoendeshwa. Aliporudi na kushika ufalme, akavuta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka Mji Mkongwe. Kabla yake watu wa mji walitegemea visima, na maji ya kisima cha mji uliosongamana mnayajua... kipindupindu kiliwahi kuua maelfu kisiwani humo. Nawaza mara nyingi kwamba ule mfereji uliokoa watu wengi kuliko meli zote za kivita za huyo bwana, lakini watalii huonyeshwa Beit al-Ajaib.

Huku bara, Wajerumani na baadaye Waingereza walilaza mabomba mijini kwa kufuata ramani ya rangi za watu. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni maji yaliingia ndani ya nyumba. Uswahilini watu walipanga foleni kwenye bomba la mtaa. Jambo moja linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja: kule Uzunguni nguo zilifuliwa na wanaume, maboi na madobi, kwa sababu ilikuwa kazi ya mshahara. Wanaume hao hao wakirudi kwao, nguo zilifuliwa na wake zao. Kazi ni ile ile, jinsia ya anayefua iligeuka pale tu hela ilipoingia.

Mashine ya umeme ilianza kuuzwa Marekani karibu na 1908, ikiitwa Thor, kutoka kampuni ya Hurley ya Chicago. Mwaka 1937 Bendix wakaonyesha mashine ya nyumbani inayojaza maji, kufua, kusuuza na kukamua yenyewe. Zingatia neno "kujaza". Mashine hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ambayo tayari ina maji yenye presha ukutani na bomba la kutolea maji machafu sakafuni. Yaani bomba lilitangulia, mashine ikafuata. Hayati Hans Rosling, yule profesa wa Sweden aliyewahi kuwa daktari Nacala, Msumbiji, alitoa mhadhara maarufu mwaka 2010 akiisifia mashine ya kufulia kwamba ilimkomboa mama yake, akapata muda wa kumsomea mtoto vitabu. Nakubaliana naye. Ila bibi yake, ambaye alikaa kwenye kiti kuitazama ikizunguka mara ya kwanza, alikuwa na bomba. Sisi tumeanzia upande wa pili wa hadithi.

Nasema hivyo kwa sababu ya mama mdogo wangu. Anakaa Kabasa, Bunda, nyumba ya vyumba viwili na sebule. Binti yake aliyeko ughaibuni alimtumia kwa kontena mashine ile inayofua na kukausha kwa pamoja. Nia njema kabisa. Umeme upo, maana nguzo zimefika vijijini kwa kasi tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007. Fundi bomba akaitwa, nami nikaenda kushuhudia na daftari langu (ugonjwa wa kazi).

Fundi alikuwa mtu makini. Mpira wa kuingizia maji una uzi wa robo tatu, bomba la nyumba ni la nusu inchi, akaweka kiunganishi. Akaweka koki yake peke yake ili mashine ifungwe bila kukata maji ya jikoni. Akaweka chujio, kwa sababu maji ya tanki yana mchanga na kichujio cha mashine ni kidogo kama kifuniko cha chupa. Mpira wa kutolea maji akaupandisha mpaka usawa wa nyonga kabla ya kuuelekeza nje kwenye migomba. Nikamuuliza kwa nini asiulaze chini tu. "Mwandishi, ukiulaza chini maji yatajivuta yenyewe kabla nguo hazijafuliwa, mashine itakuwa inajaza na kumwaga mpaka kesho."

Tatizo likaja kwenye presha. Kila mita moja ya kimo huyapa maji moja ya kumi ya baa. Kitabu cha mashine kilitaka angalau nusu baa, yaani maji yatoke mita tano juu yake. Simtanki la mama mdogo liko kwenye mnara wa mita tatu. Hiyo ilitatuliwa kwa pampu ndogo ya umeme. Lakini tanki lenyewe linajazwa na nini? Masika, na mvua ya bati. Kiangazi, na ndoo.

Hapo ndipo tukakaa chini na kupiga hesabu. Mzigo mmoja wa nguo hula kama lita 50. Halafu kuna siri ambayo wengi hawaijui: nyingi ya mashine hizi za mbili kwa moja hutumia maji hata wakati wa kukausha! Hewa ya moto hubeba unyevu kutoka kwenye nguo, kisha maji baridi ya bomba hupitishwa ili kuupoza mvuke huo ugeuke maji na kumwagwa. Ni ubunifu mzuri kwa mtu wa London anayekaa ghorofa ya sita bila pa kuanika. Kwa Kabasa, ambako jua ni la bure, ni kumwaga ndoo nyingine mbili au zaidi ili kufanya kazi ya kamba.

Na anayebeba hizo ndoo ni mjukuu wa mama mdogo, wa darasa la sita, kabla ya shule. Mama mdogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, hii mashine itamfulia nani, kama huyu mtoto atabeba zaidi kuliko alivyokuwa anafua?" Ikaamuliwa: masika itafua, kitufe cha kukausha hakiguswi, na kiangazi itafunikwa kitambaa.

Hesabu hiyo si ya kwetu peke yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gilbert White, David Bradley na Anne White walipita maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji yanayotumika majumbani, na kitabu chao kikatoka 1972. Mtu asiye na bomba alitumia kama lita 11 kwa siku. Watafiti waliporudi mwaka 1997 walikuta amefikia karibu 20, lakini muda wa kuchota ulikuwa umepanda kutoka dakika 28 hadi 92 kwa siku! Bradley ndiye pia aliyetufundisha kutenganisha magonjwa ya kunywa maji machafu na yale ya kukosa maji ya kutosha kujisafishia, kama upele na trakoma. Na kwa sisi wa kanda ya ziwa kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi kwenye konokono jua linapokuwa kali, kuelekea adhuhuri, saa zile zile mama anasimama majini anafua ili nguo ziwahi kukauka.

Viongozi wetu walilijua hilo mapema. Mwaka 1971 TANU iliamua kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400. Mashine za dizeli zikafungwa, kisha mafuta yakapanda bei, vita vya Kagera vikaja, vipuri vikakosekana. Mwaka 1985 Wasweden walianza mpango wa HESAWA katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara, wa visima, pampu za mkono na vyoo, ukaendelea hadi 2002. Wazee wa Bunda bado wanaviita visima hivyo "vya Hesawa". Sera ya maji ya 2002 ikarudia zile mita 400, lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250. Mzigo mmoja wa nguo, kwa kipimo hicho, ni haki ya watu wawili kwa siku nzima.

Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaovuta maji kutoka Ziwa Victoria. Miaka mia moja kamili! Swali langu sasa si kama bomba kubwa linapita, bali ni nyumba ngapi zimevuta la nusu inchi kutoka pale, na ngapi bado zinakwenda kituoni na ndoo. Mwezi ujao nashika basi kwenda Kiabakari kugonga milango na kuuliza. Mkiwa na ndugu huko, waambieni wasinifukuze.