Shina la Wengine, Tunda la Kwetu
Huko Danvers, Massachusetts, Marekani, kuna mpeasi uliopandwa karibu miaka ya 1630 shambani kwa John Endecott, gavana wa walowezi Waingereza. Mwaka 1964 wahuni waliukatakata, ukabaki kisiki. Ukachipua tena.

Vijana hapa kambini huniuliza: asili yetu tutaitunzaje kwenye ardhi isiyo yetu? Nawaambia habari za peasi. Ukipanda mbegu yake, matunda hayatafanana na ya mti mama. Anayetaka aina ileile nyumbani kwake hukata kijiti na kukibebesha kwenye shina la mpeasi mwingine. Mizizi ya wengine, tunda lilelile.

Basi wazee wakisimulia, tukae tusikilize. Kijiti hukatwa mti ungali hai.