Karata Zake Mbili

Chini ya kitanda changu kuna kopo la biskuti, na ndani yake zimo karata 42 za manila. Picha alichora rafiki yangu tuliyesoma naye kidato cha pili. Maneno niliandika mimi. Tulizichezea mwezi mmoja tu, pale Magomeni, kisha tukakosana. Ndugu msomaji, nataka nikusimulie historia ya mchezo tuliouiga, maana nilipokuja kuisoma nikiwa mtu mzima nilikuta kosa lililotutenganisha lilishatokea mbali, tena kwa mtu mwenye kichwa kuliko mimi.

Tuanzie nyumbani. Kopa, shupaza, uru, pau, hata turufu na neno karata lenyewe, yote tumeyapata kwa Wareno. Picha tumezizoea, lakini sheria haziko kwenye picha. Mgeuze mzungu wa tatu utakavyo, hutaona palipoandikwa anafanya nini. Sheria zimo vinywani. Mtaa huu ukitupiwa mbili unaokota mbili. Vuka barabara, utaambiwa "kwetu hatuchezi hivyo, bwana". Ubishi ukizidi anaulizwa mkubwa wa kijiwe, mambo yanaisha.

Richard Garfield alikuwa mwanafunzi wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1991 alimwonyesha Peter Adkison, wa kampuni changa ya Wizards of the Coast, mchezo wake wa maroboti ulioitwa RoboRally. Adkison aliona kuutengeneza ni gharama kubwa, akamwomba kitu chepesi, cha kubebeka, kinachochezeka kwa muda mfupi. Garfield akarudi na wazo la ajabu. Kila mchezaji aje na fungu lake mwenyewe, alilochagua kutoka karata anazonunua katika pakiti zilizofungwa, na kila karata iwe imeandikwa sheria yake usoni. Alikuwa amevutiwa na Cosmic Encounter, mchezo wa 1977 ambamo kila mchezaji ana uwezo wa kuvunja sheria fulani. Mchezo wake, Magic: The Gathering, ukatoka Agosti 1993 ukiwa na karata za aina 295. Kanuni yake kuu ni kwamba kijitabu kikisema hivi na karata ikasema vile, inafuatwa karata.

Wewe unayejifunza kuandika, hebu ona uzito wa jambo hilo. Mkubwa wa kijiwe hayupo tena. Kilichobaki mezani ni sentensi.

Na sentensi ilimgeuka mapema. Mchezo ulipokuwa bado unajaribiwa kwa karata za kutengeneza kwa mkono, mojawapo ilisema mpinzani anapoteza zamu inayofuata, yaani akae asubiri. Lakini kwa Kiingereza kitenzi kile kile hubeba "kupoteza" na "kushindwa". Mchezaji mmoja akaelewa kwamba zamu inayofuata mpinzani anashindwa mchezo mzima! Akawa anajiona ana karata isiyo na mpinzani. Garfield alikuja kueleza kuwa hapo ndipo alipoanza kujua ilivyo kazi kuandika karata ikasomwe namna moja na kila mtu. Karata hiyo ilipochapwa, kwa jina la Time Walk, ilimwambia mwenye nayo achukue zamu ya ziada baada ya ile aliyo nayo. Jambo ni lile lile, ila mlango wa ubishi umefungwa.

Sisi mchezo huo tuliuona kwa mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekuja likizo kutoka Uingereza na mafungu mawili. Alipoondoka nayo, tukaamua kutengeneza ya kwetu. Kwenye karata ya Mamba niliandika hivi: "Mchezaji akimtoa Mamba, mwenzake atachukua karata zake mbili mezani."

Siku hiyo tuliweka dau. Kila mmoja anatenga karata moja pembeni, mshindi anazoa zote. Rafiki yangu aliweka Jahazi, karata aliyoichora Jumapili nzima kwa kalamu ya bluu, hadi kamba za tanga zinahesabika. Mchezo ulipokaza nikamtoa Mamba. Mwenzangu akanyoosha mkono, akachukua karata zangu mbili.

"We vipi? Rudisha!" nikamaka. "Unachukua zako, unazirudisha mkononi."

"Imeandikwa zake," akasema taratibu. "Zake nani? Za mchezaji. Na mchezaji ni wewe."

"Mimi ndiye niliyeandika. Najua nilichomaanisha."

Nikaizoa Jahazi. Akaniangalia, akasema, "Haya bwana. Andika, na ucheze mwenyewe." Hakunichorea tena.

Hata dau lile halikuwa akili yetu. Lilikuwemo katika sheria za Garfield za 1993. Wachezaji wengi hawakutaka kupoteza karata walizozilipia, wakacheza bila dau, na karata za mwisho zinazohusu dau zilitoka mwaka 1995. Garfield alidhani pia kwamba watu watanunua pakiti chache tu, kwa hiyo karata kali zingebaki adimu. Wapi! Watu walinunua bila kuchoka, wakajaza mafungu yao karata za aina moja. Mwaka 1994 mashindano yakawekewa kikomo cha karata nne za jina moja, ukiacha zile za ardhi za kawaida.

Kisha wachezaji wakaanza kutunga wenyewe. Huko Alaska, miaka ya 1990, walibuni namna yao ya kucheza: fungu la karata 100 zisizorudiwa, tena ukiacha ardhi za kawaida, na uhai 40 badala ya 20. Leo inaitwa Commander. Kampuni iliipokea, na mwaka 2011 ikauza mafungu yaliyotengenezwa rasmi kwa ajili yake. Sheria zilibaki mikononi mwa kamati ya wachezaji hadi Septemba 2024. Mwezi huo kamati ilipiga marufuku karata nne. Baadhi ya watu wakawatishia wanakamati, nao wakaikabidhi kampuni kazi hiyo. Habari hiyo ilinirudisha Magomeni. Wale walitoa vitisho kwa sababu ya karata. Mimi nilimnyang'anya rafiki yangu Jahazi kwa sababu tu kalamu ilikuwa yangu.

Juzi nilimwandika Mamba upya: "Ukimtoa Mamba, mwenzako atarudisha mkononi mwake karata mbili kati ya zile alizoziweka yeye mezani." Nikaichukua na Jahazi, nikamfuata rafiki yangu kazini kwake, anakochora mabango ya maduka. Nilimwambia siku ile alisoma sawasawa, kosa lilikuwa langu. Jahazi akaifuta vumbi kwa kidole, akaitia mfukoni bila neno. Mamba akamsoma mara mbili.

"Na kama ana karata moja tu mezani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikavuta kigoda, nikamwomba kalamu.