Mofini Ilivyofika Nyumbani

Nairobi Hospice, kituo cha kuhudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ilipoanza mwaka 1990, daktari wake mkuu alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool. Alikuwa ameshatibu wagonjwa Nigeria akiwa mtawa, akawahudumia wazee kwao Uingereza, kisha akafundisha Singapore. Huko Singapore yeye na wafamasia walikoroga unga wa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa maji na kihifadhi kidogo, wakapata dawa ya kunywa ya bei nafuu. Alikuja Afrika Mashariki na ujuzi huo.

Wakati huo mofini hapa kwetu ilikuwa sindano, ikikaa kabatini chini ya kufuli. Madaktari wengi waliiogopa. Waliamini mgonjwa akiizoea atakuwa teja. Basi mwenye saratani ambaye hospitali haina tena la kumfanyia aliruhusiwa, akarudi kwao na vidonge vya panadol. Yaliyofuata hayakuandikwa kwenye faili lolote. Mke au binti alikesha akisikiliza kilio asichoweza kukituliza, na asubuhi akaamka kuteka maji na kupika uji kama kawaida.

Mwaka 1993 Merriman alihamia Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda, baada ya serikali kukubali unga wa mofini uingizwe nchini. Walianzia hospitali ya Nsambya wakiwa watu 3, na fedha za kuwatosha miezi 3 tu. Uganda ilikuwa imeelemewa na UKIMWI pamoja na saratani zinazoandamana nao, na wagonjwa wengi walikuwa wamelala majumbani. Hospisi ikawafuata huko huko.

Muuguzi alipofika, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa na yule anayeuguza. Alimwonyesha chupa: dawa ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5, na iliyo kali zaidi hutiwa rangi nyingine zisije zikachanganywa. Mgonjwa anywe kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Wakati wa kulala apewe dozi maradufu, ili mgonjwa na mwuguzaji wake wapate usingizi mpaka alfajiri. Mofini hufunga choo, kwa hiyo ikikosekana dawa ya kulainisha, mbegu za papai hukaushwa, zikasagwa, akapewa. Kidonda cha saratani kinachonuka hunyunyiziwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa. Hili la mwisho nalithamini kuliko yote. Harufu ya kidonda huwafukuza watoto na majirani chumbani, akabaki mama mmoja na mgonjwa wake. Harufu ikipungua, watu huanza kuingia tena kumjulia hali.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake: yamo pia ya moyo, ya roho na ya jamaa zake. Kampala hayo yalikuwa na sura ya ada ya shule, ya shamba lisilolimwa, ya bibi anayejiuliza wajukuu atawaachia nani.

Kikwazo kikabaki kwenye kalamu. Sheria ilimruhusu daktari peke yake kuandika mofini, na madaktari walikuwa haba, hasa vijijini. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni: wauguzi na maofisa tabibu waliosomea huduma shufaa, yaani ya kuwatunza na kuwatuliza maumivu wenye maradhi yasiyopona, wakaruhusiwa kuiandika wenyewe. Ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo, na mgonjwa hupewa dawa hiyo bila malipo.

Kilichopatikana kiliwafaa zaidi wenye saratani na UKIMWI, maana hao ndio waliokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Wazee waliopooza kwa kiharusi, au waliopotewa na kumbukumbu, hadi leo wengi wanauguzwa na binti mmoja aliyeacha kazi, na hakuna anayebisha hodi kumuuliza analalaje. Kumgeuza mzee kitandani kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo, au kumlisha akiwa ameinuliwa ili asipaliwe, hakuhitaji unga wa kuagizwa nje wala saini ya waziri. Kunahitaji muuguzi apite, amwonyeshe binti huyo kwa mikono yake, na arudi tena wiki inayofuata.