Wenzo wa Tairi

Land Rover za kale, zile za Series zilizoanza kutoka Solihull, Uingereza, mwaka 1948, ziliundwa kwa tairi jembamba. Za mwanzo zilivaa 6.00-16, na zile ndefu za modeli ya 109 zilizokuja baadaye zikavaa 7.50-16. Mwenye gari la namna hii siku hizi hutamani tairi pana, ama kwa ajili ya mchanga na tope, ama kwa sura yake. Akifika gereji, jambo la kwanza kuulizwa ni kama tairi litagusa. Na kweli hugusa: usukani ukikatwa hadi mwisho, ubavu wa ndani husugua springi ya mbele. Dawa yake mafundi wanaijua. Penye kingpini, yaani pini ambayo tairi huizunguka likikatwa, kuna boliti ya kuzuia, yenye nati ya kuikaza. Boliti ikitolewa nje kidogo, usukani hukoma mapema. Gari litataka uwanja mkubwa zaidi wa kugeuzia, lakini tairi haligusi tena.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari inapoachwa ndani ya gari. Boliti ile inatibu nafasi tu. Nguvu zinazofika kwenye usukani haizigusi hata kidogo, na hizo hutawaliwa na kipimo ambacho wahandisi hukiita kwa Kiingereza skrabu rediasi.

Kingpini za Land Rover hizi hazikusimama wima. Zimelazwa nyuzi 7, kichwa kikielekea ndani ya gari. Vuta mstari unaopita kwenye kingpini ya juu na ya chini, uendelee nao mpaka ardhini, weka alama. Weka alama ya pili katikati ya sehemu ambayo tairi limekanyaga. Umbali kati ya alama hizo mbili ndio skrabu rediasi.

Anayefasiri neno kwa neno atapata "nusukipenyo cha msuguano". Nusukipenyo si kosa, maana tairi likikatwa huzunguka ile alama ya kingpini. Msuguano ndio unaopotosha. Umbali huo ukiwa sifuri, tairi hujisokota pale pale lilipo na kusuguana na ardhi. Ukiwa mkubwa, tairi lisilofungwa breki huweza kubingirika kidogo kwenye tao lake. Kwa hiyo jina linamfanya fundi atafute alama za kusugua, wakati madhara yenyewe yako kwingine.

Napendekeza tuseme wenzo wa tairi. Watoto wa shule za msingi Tanzania hufundishwa nyenzo kwa Kiswahili, pamoja na egemeo, jitihada na mzigo. Hapa egemeo ni kingpini, na nguvu ya breki huingia pale tairi linapokanyaga. Kadiri wenzo unavyorefuka, ndivyo nguvu ile ile inavyozidi kuusukuma usukani.

Tupime. Rimu ya inchi 5 imetolewa, ikawekwa ya inchi 8, na ukingo wa ndani umeachwa ulipokuwa ili usiisogelee springi. Inchi zote 3 zimekwenda nje, na katikati ya tairi pamesogea inchi moja na nusu, yaani milimita 38. Tuchukulie wenzo wa awali ulikuwa milimita 50: sasa ni 88. Breki zikivuta tairi moja kwa nguvu ya nyutoni 1,000, msukumo kwenye kingpini ulikuwa nyutoni-mita 50, sasa umefika 88. Spesa ya milimita 30, inayowekwa kati ya habu na rimu, nayo inaongeza milimita 30 kamili, bila punguzo. Tairi refu zaidi hurudisha kidogo sana: ekseli ikiinuka milimita 25, ule mlazo wa nyuzi 7 hupunguza milimita 3 tu.

Breki za pande zote mbili zikishika sawasawa, misukumo hukutana kwenye tairodi ikabatilishana. Lakini hizi ni breki za dramu, na kuzilinganisha ni kazi. Upande mmoja ukishika zaidi, au tairi moja likiwa kwenye lami na jingine kwenye changarawe, gari linaruka upande na usukani unamponyoka dereva. Jiwe au shimo likilipata tairi moja hufanya vivyo hivyo.

Ndipo mtu hushauriwa kufunga usukani wa pawa. Pawa huipumzisha mikono, lakini wenzo unabaki na urefu wake. Tairodi, bushi na beringi za kingpini zitaendelea kubeba mzigo ule ule, ila dereva hatausikia ukija.

Kwa hiyo kabla ya boliti kuguswa, rimu ipimwe: upana wake, na umbali kutoka uso unaokaa kwenye habu hadi katikati ya rimu. Ni afadhali rimu ya inchi 6 ambayo katikati yake imebaki karibu na pale kiwanda kilipopaweka, kuliko ya inchi 8 iliyotokeza nje ya matgadi. Ikishachaguliwa, boliti zirekebishwe pande zote mbili, usukani ukatwe kushoto na kulia huku springi zimebeba mzigo wa safari, na breki za mbele zilinganishwe upya.